Uzi: Kutoka zamu za ghalani hadi kiwanda cha dawa, kwa njia ya chuo cha jamii (North Carolina)

#1 Binti_Pangani

Wakuu, heshima kwenu.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiulizwa swali moja misibani, harusini na kwenye makundi ya simu ya Waswahili wa huku: "Uliingiaje kiwanda cha dawa na shahada yako ni ya nyumbani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona bora niandike mahali pamoja. Nitakuja kwa vipande, maana zamu zangu ni za saa 12 na leo ndiyo kwanza nimetoka.

Nilisoma biolojia Tanzania, nikafundisha sekondari miaka mitatu, kisha nikamfuata mume wangu North Carolina. Miaka minne ya mwanzo nilipanga maboksi ghalani usiku, na mwisho wa wiki nikatunza wazee. Si kazi za kudharau, zimenilelea watoto. Lakini kila mwezi niliomba kazi ya maabara, na jibu lilikuwa kimya au "huna uzoefu wa hapa". Nilifika mahali nikakifungia cheti changu kwenye begi la chini kabisa nisikione.

Mama mmoja wa kanisani, mwenyeji wa hapa, ndiye aliyeniambia: "Mbona huendi chuo cha jamii ukasome BioWork?" Sikujua anasema nini.

Kwa walio nyumbani: chuo cha jamii ni chuo cha umma kilicho karibu na makazi ya watu. Ukitaka picha yake, chukua VETA, chukua na miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, uviweke chini ya paa moja, na mlango uwe wazi kwa kijana wa miaka 18 na kwa babu wa miaka 60. Jimbo hili lina vyuo vya namna hiyo 58. BioWork ni kozi fupi inayotolewa na baadhi yake, ya kumwandaa opareta wa kiwanda kinachotengeneza dawa kwa kutumia seli hai. Ni saa takriban 136. Mimi nilisoma jioni. Ada ya jimbo kwa kozi ndefu za aina hii, nilipolipa mimi, ilikuwa dola 180, na vijinyongeza vidogo juu yake. Nilikuwa nimeshatumia zaidi ya hiyo kutafsirisha na kuthibitisha vyeti vyangu.

Nitaendelea.

#2 Mtoto_wa_Urambo

Nimekaa hapa nasubiri, dada. Swali moja tu la mwanzo: opareta anafanya nini hasa? Anabonyeza mashine?

#3 Binti_Pangani

Mtoto wa Urambo, swali zuri, na ndilo nililokuwa nalo siku ya kwanza.

Zamani insulini ya wagonjwa wa kisukari ilikamuliwa kutoka kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya kwanza iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Tangu hapo dawa nyingi hazichanganywi tu kama unga na maji, zinafugwa. Unakuwa na seli, zinaweza kuwa bakteria, hamira, au seli zilizotoka kwa mnyama. Unazilisha ndani ya tanki, unazipa hewa, unazitunzia joto na kiwango cha asidi, nazo zinakutengenezea protini unayoitaka. Halafu unazivuna, unachuja, unaitenga ile protini na takataka zote, unaisafisha, unaijaza kwenye chupa pasipo kijidudu hata kimoja.

Opareta ndiye anayekaa na tanki. Anaosha mabomba na kuyapiga mvuke, anapima, anachukua sampuli, anaunganisha mipira bila kugusa panapokatazwa, anaandika kila alichofanya. Tanki moja likiingiwa na vijidudu, bechi nzima inamwagwa, na dawa iliyokuwa imfikie mgonjwa haimfikii. Kwa hiyo mkuu, kubonyeza kupo, lakini ni sehemu ndogo.

Ndiyo maana kozi haikuanza na jeni. Nilikwenda nikitegemea kung'ara kwa sababu nilifundisha jeni miaka mitatu. Tulianza na usalama, tukaja kwenye ubora, vipimo, namna ya kuudhibiti mchakato, namna ya kufanya kazi pasipo vimelea, na seli zikaja mwishoni kabisa.

Nisimulie siku moja. Tulikuwa tunafuatilia joto la tanki dogo la mafunzo kila dakika 15. Fomu ilikuwa mbali na mimi, nikaandika namba kwenye kiganja cha glovu ili niinakili baadaye. Mwalimu, mzee aliyestaafu kiwandani baada ya maisha yake yote humo, akasimamisha darasa. Hakunigombeza. Aliuliza: "Glovu hii tutaitunza miaka mingapi kwenye kabati la kumbukumbu?" Kisha akatufundisha kanuni ambayo sasa naiota usingizini: kisichoandikwa hakikufanyika. Unaandika palepale, kwa wino, kwenye karatasi iliyoidhinishwa. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili lililokosewa lisomeke, unaandika sahihi pembeni, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Hufuti, hupaki rangi nyeupe, huchani.

Shahada yangu haikuwahi kunifundisha hilo. Na ndilo kiwanda kilichokuwa kinatafuta wakati mimi naandika barua za maombi nikijisifu kuhusu jeni.

#4 FundiSanifu

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini niseme wazi. Hapa naona viwanda vikubwa vyenye mabilioni vimeutua mzigo wa kufundisha wafanyakazi wao kwenye mabega ya mlipakodi. Zamani kiwanda kilimchukua mtu, kikamfundisha chenyewe na kumlipa huku anajifunza. Sasa mtu anajilipia ada, anasoma jioni baada ya kazi, na mwisho hana uhakika wa ajira. Ushirikiano gani huo?

#5 Binti_Pangani

FundiSanifu, naomba uvumilie hadi nieleze historia, maana hoja yako ina ukweli ndani yake na sitaki kuijibu kijuujuu.

North Carolina ilikuwa nchi ya tumbaku, samani na nguo. Mwaka 1959 wakaanzisha eneo la utafiti, Research Triangle Park, kati ya Raleigh, Durham na Chapel Hill, wakitaka wasomi wa vyuo vikuu vyao wasikimbie. Mwaka 1984 jimbo likaanzisha Kituo cha Bayoteknolojia (yaani kutumia viumbe hai kutengeneza bidhaa), chombo kisicho cha faida chenye kazi ya kuivuta sekta hiyo. Viwanda vikaanza kuja. Tatizo likabaki lile lile: wenye shahada za uzamivu walikuwapo, wa kukaa na tanki saa tisa usiku hawakuwapo.

Mwaka 1998 kampuni za sigara zilifikia mapatano na majimbo 46 ya Marekani, zikakubali kuyalipa fidia kwa gharama za maradhi ya uvutaji. North Carolina ikaelekeza nusu ya fungu lake kwenye mfuko uitwao Golden LEAF, ulioundwa 1999, kazi yake ikiwa kuinua maeneo yaliyotegemea tumbaku. Mwaka 2003 mfuko ule ukatoa takriban dola milioni 60 kwa jambo moja: kufundisha watu wa viwanda vya bayoteknolojia. Fedha ziligawanywa sehemu tatu. Chuo kikuu cha jimbo, NC State, kikajenga kituo cha mafunzo chenye matanki ya ukubwa wa kiwandani, kikafunguliwa 2007. Chuo kikuu cha North Carolina Central, ambacho kihistoria ni cha watu weusi, kikaanzisha taasisi yake huko Durham. Na vyuo vya jamii vikapata mtandao wao, BioNetwork.

Maana yake, fedha iliyotokana na jani la tumbaku ndiyo iliyomsomesha mtoto wa mkulima wa tumbaku kuwa opareta wa dawa. Darasani kwetu alikuwapo mmoja wa hao. Baba yake aliuza mashamba. Alikuwa na mikono ya mkulima kabisa, na ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi sote kwenye kusoma mashine kwa sikio: pampu ikibadilisha sauti kidogo, yeye alishajua.

#6 Mtoto_wa_Urambo

Dada umenigusa. Mimi nimezaliwa kwenye tumbaku, mabani ya kukaushia ndiyo uwanja wangu wa utoto. Kwetu likishauzwa jani, kilichobaki ni kusubiri msimu mwingine na kukata kuni nyingine. Sijawahi kusikia mtu akiuliza mtoto wa mkulima wa tumbaku atafanya nini siku tumbaku ikiisha. Endelea tafadhali.

#7 Binti_Pangani

Naendelea, na sasa nakujibu FundiSanifu.

Hapa kwetu kaunti ya Johnston, mji wa Clayton, kuna viwanda viwili vikubwa: Novo Nordisk ya Denmark, inayojulikana kwa dawa za kisukari, na Grifols ya Hispania, inayotengeneza dawa kutokana na utegili, ule umajimaji wa damu. Palitengwa eneo maalumu la kodi, na kampuni zilizomo zikakubali kutozwa kodi ya ziada, fedha yake iende kwenye kituo cha mafunzo kinachoendeshwa na chuo cha jamii cha kaunti, hapohapo Clayton. Kwa hiyo mahali hapa kiwanda kilitia mkono mfukoni. Sisemi kila mahali ni hivyo. Nasema inawezekana, na sheria iliandikwa kuwezesha hivyo.

Lakini kwangu mimi fedha si kiini cha ushirikiano. Kiini ni meza. Mtaala wa BioWork haukuandikwa na maprofesa peke yao. Watu wa viwandani waliulizwa: mfanyakazi akiingia Jumatatu asubuhi, awe tayari anajua nini na anaweza kufanya nini kwa mikono yake? Majibu ndiyo yakawa sura za kozi. Na kwa kuwa viwanda vingi viliketi kwenye meza ile, cheti hakikufungi kwa mwajiri mmoja. Hapo ndipo natofautiana na hoja yako kwamba zamani ilikuwa bora. Kiwanda kikikufundisha chenyewe, kinakufundisha mashine yake. Ukiachishwa, unaondoka mikono mitupu.

Nalisema hilo kwa sababu limenipata. Kazi yangu ya kwanza baada ya kozi ilikuwa ya mkataba kupitia wakala, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja. Baada ya miezi tisa bidhaa tuliyokuwa tunatengeneza ilisimamishwa, na sisi wa mkataba tulijulishwa Ijumaa kwamba Jumatatu tusije. Nililia kwenye gari pale maegeshoni, sikufanya siri nyumbani. Lakini wiki sita baadaye nilikuwa na kazi nyingine, ya kudumu, na kwenye usaili sikuulizwa shahada yangu ni ya wapi. Niliulizwa ningefanya nini nikiona pH, kile kipimo cha asidi, inashuka na hakuna supavaiza karibu. Nilijua.

Kwa hiyo uhakika wa ajira haupo, hapo uko sahihi, na anayewaahidi watu uhakika anawadanganya. Wakala anakula sehemu ya jasho lako na bima ya afya unaweza usipate. Napenda tuseme hivyo waziwazi ili mtu aingie macho yakiwa wazi.

#8 FundiSanifu

Nimekuelewa zaidi kwenye meza. Hiyo ya kodi ya ziada sikuijua, na nakubali ni mfano wa kuigwa. Nabaki na msimamo kwenye mikataba ya wakala: jimbo likishatoa fedha ya umma, lingedai idadi fulani ya ajira za kudumu.

#9 Binti_Pangani

Hapo tuko pamoja, sina la kupinga.

#10 NyotaYaThika

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa chuo cha kiufundi hapa Kenya, na uzi huu nimeusoma mara mbili.

Mnakumbuka Moderna? Machi 2022 walitia saini makubaliano na serikali yetu kujenga kiwanda cha chanjo. Walimu tulianza kuulizana nani atafundisha hao wafanyakazi. Aprili 2024 wakasema wamesitisha, kwamba mahitaji ya chanjo za Uviko Afrika yameshuka na oda hazikuja. Fikirieni kama tungekuwa tumefungua darasa zima kwa ajili ya kiwanda kimoja. Vijana wangehitimu waende wapi?

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: je, mpango kama wa huko unaweza kusimama mahali ambapo viwanda ni viwili au vitatu tu?

#11 Binti_Pangani

Mwalimu, hilo ndilo swali gumu kuliko yote humu, na nimelifikiria kazini usiku kucha.

Kweli, hapa kuna msitu wa viwanda. Kimoja kikianguka, kingine kinainuka. Mji mdogo wa Holly Springs peke yake una kiwanda cha chanjo za mafua zinazokuzwa kwenye seli badala ya mayai, kilichofunguliwa 2009, na mwaka 2021 Amgen na Fujifilm Diosynth wote wawili walitangaza kujenga pale. Novo Nordisk walitangaza Juni 2024 upanuzi wa dola bilioni 4.1 hapa Clayton. Kenya na Tanzania hatuna msitu huo leo.

Lakini angalia nani alikuwa bora darasani kwetu. Nimemtaja mtoto wa mkulima. Wa pili alikuwa kijana aliyetoka kiwanda cha bia. Kwake hamira haikuwa somo jipya, tanki halikuwa jipya, kuosha mabomba kwa kemikali bila kuyafungua hakukuwa kupya. Alichoongeza ni nidhamu ya karatasi na usafi wa ngazi ya juu. Sasa niambie mwalimu, Ruaraka hakuna bia? Kenya hakuna viwanda vya maziwa vinavyopasha joto, kupoza na kupima kila saa? Hizo ndizo oda za leo. Ningekuwa mimi, ningeanza na kozi ya kanuni za uzalishaji safi ambayo kiwanda cha bia, cha maziwa, cha dawa za kawaida na cha chanjo za mifugo vyote vinaihitaji. Chanjo za binadamu zikija, watu wapo. Zisipokuja, watu wana kazi.

#12 NyotaYaThika

Asante sana. Sisi tumekuwa tukiwaza maabara ya jeni yenye mashine za bei kali, ambazo wafadhili hupenda kupigwa picha nazo. Umenipa njia nyingine kabisa. Hiyo ya kwanza kabisa, ya kuandika kwenye fomu kwa wino, naweza kuifundisha kesho bila kununua kitu.

#13 MzeeWaKibaha

Wanangu, mimi ni mstaafu, nakaa Kibaha, Pwani. Niongeze jambo. Hapa kwetu pana kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia, kilichojengwa kwa ushirikiano na Wacuba na kufunguliwa 2015. Wanakuza bakteria kwenye matanki, dawa yake inapigwa kwenye madimbwi kuua viluwiluwi vya mbu. Na mwaka 2022 kikafunguliwa hapa kiwanda cha chanjo za mifugo cha Hester, kampuni ya India. Na taasisi ya chanjo za mifugo ya serikali iko hapa hapa.

Nimesoma maelezo ya binti yangu kuhusu tanki, hewa, joto na kuvuna, nikaona ni kazi ile ile. Vijana wa mtaa huu wanapita nje ya uzio wa viwanda hivyo wakidhani ndani wanahitajika madaktari tu.

#14 Binti_Pangani

Shikamoo mzee. Ahsante sana kwa hili.

Ni kazi ile ile, mzee wangu. Bakteria anayeua viluwiluwi na bakteria anayetengeneza insulini wanakula, wanapumua na wanachafuliwa kwa namna moja. Tofauti ni ukali wa usafi mwishoni, maana kimoja kinaingia dimbwini na kingine kinaingia mwilini. Viwanda vitatu vya jirani katika mji mmoja ni mwanzo wa meza. Clayton nayo ilianza na viwili.

#15 MzeeWaKibaha

Marahaba mwanangu. Ninamfahamu mkuu wa chuo kimoja cha ufundi mkoani kwetu. Nitamchapia uzi huu nimpelekee kwa mkono, maana mambo ya mitandao hayapendi.

#16 Mhitimu_2019

Naomba kuuliza kwa uchungu kidogo. Nina shahada ya uzamili ya biolojia ya molekuli, niko Maryland, naendesha gari za abiria. Kwenda kusoma kozi ya watu waliomaliza sekondari naona kama nakubali kwamba miaka yangu sita ilikuwa bure.

#17 Binti_Pangani

Kaka, pole. Nilikaa na hisia hiyo miaka minne, najua uzito wake.

Miaka yako si bure. Baada ya mwaka mmoja kwenye matanki, shahada ilianza kunifanyia kazi. Kilipotokea kitu kisichoeleweka kwenye bechi, mimi niliweza kueleza kwa nini seli zilikuwa zinatoa asidi, nikaombwa nikae kwenye kamati ya uchunguzi, na sasa naelekea idara ya ubora. Kozi ilikuwa ufunguo wa mlango wa mbele, shahada ndiyo inayonipandisha ngazi za ndani.

Maryland uko pazuri. Montgomery College wana kampasi Germantown yenye programu ya bayoteknolojia, na viwanda viko jirani. Ukihamia California, Solano wako karibu na Vacaville, na MiraCosta karibu na San Diego wanatoa hadi shahada ya kwanza ya uzalishaji wa kibayolojia, jambo ambalo vyuo vya jamii huko zamani havikuruhusiwa. Texas wapo Austin Community College, ambao wamekuwa wakiongoza mtandao wa taifa wa vyuo vya namna hii, InnovATEBIO. Haya yote yana mzizi wa sheria ya 1992 iliyoagiza mfuko wa taifa wa sayansi ufadhili elimu ya mafundi kwenye vyuo vya miaka miwili, si vyuo vikuu peke yake.

Usianze na kozi ndefu. Nenda siku ya maelezo, angalia matanki, ongea na mwalimu. Mwonyeshe cheti chako. Huenda akakwambia uruke baadhi ya masomo.

#18 Kasongo_wa_Uvira

Dada, nashukuru sana kwa maandishi haya. Mimi ni Mkongomani, tulikuja kama wakimbizi, tuko Greensboro na familia. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, mistari ya kukata. Mikono imeanza kuuma sana usiku. Kule nyumbani nilimaliza sekondari, lakini diploma yangu ilibaki vitani. Kiingereza changu ni cha kazini. Mtu kama mimi anaweza kuingia? Na mke wangu anauliza kama ndugu yake aliyeko Nakivale, Uganda, anaweza kuombewa aje kusoma hiyo kozi.

#19 Binti_Pangani

Kaka Kasongo, karibu sana. Nianze na la shemeji yako, maana hapo watu wanaliwa fedha. Kozi fupi ya jioni haimpi mtu viza ya mwanafunzi. Mtu yeyote atakayemwambia alipe ili aletwe kusoma BioWork ni tapeli. Mwambie mke wako amweleze mapema.

Wewe ambaye uko hapa na una kibali cha kufanya kazi, mlango upo. Diploma iliyopotea ina dawa: vyuo hivi hivi vya jamii vinafundisha watu wazima hadi wafanye mtihani wa kulingana na sekondari, na vina madarasa ya Kiingereza. Ni mwaka labda, si maisha. Jengo ni lile lile, ofisi ni jirani. Ukifika mapokezi uliza mambo mawili kwa pamoja: Kiingereza, na mafunzo ya uzalishaji wa kibayolojia. Mwaka 2022 serikali kuu ilitoa dola milioni 25 kwa muungano ulio chini ya Kituo cha Bayoteknolojia cha jimbo, hasa ili kuwafikia watu waliokuwa wameachwa nje ya sekta hii. Uliza kama kuna msaada wa ada, usafiri au malezi ya watoto. Uliza bila aibu.

Na usidharau kiwanda cha kuku. Umezoea kuvaa, kuvua, kunawa na kusimama zamu nzima bila kujigusa uso. Chumba safi, kile cha kutengenezea dawa pasipo vijidudu, ni hivyo hivyo, ila ngumu zaidi, maana mtu mwenyewe ndiye chanzo kikubwa cha uchafu mle ndani. Nilianguka mtihani wa kuvaa mara ya kwanza kwa sababu suti yangu iligusa sakafu. Wanaoshindwa kwenye kuvaa ni wengi kuliko wanaoshindwa kwenye sayansi. Wewe uko mbele yao.

#20 Kasongo_wa_Uvira

Nilikwenda leo kabla ya zamu. Wamenipa fomu ya majaribio ya Kiingereza, ni wiki ijayo. Yule mama wa ofisi amesema hesabu ndiyo inawaangusha watu, hesabu ya kuchanganya. Zamani nilikuwa mzuri wa hesabu lakini imepita miaka mingi.

#21 Binti_Pangani

Umenifurahisha mno. Hesabu tutaifanya hapa hapa, wengine wasome.

Una dawa ya kusafishia yenye nguvu ya asilimia 20. Supavaiza anataka lita 5 za dawa hiyo hiyo ikiwa na nguvu ya asilimia 2. Utachukua kiasi gani cha ile kali, na utafanya nini baada ya hapo? Usikimbilie simu.

#22 Mhitimu_2019

Nampisha kaka Kasongo ajibu. Mimi nimejiandikisha siku ya maelezo, Alhamisi.

#23 Kasongo_wa_Uvira

Nimefanya na mtoto wangu wa kidato cha pili mezani. 20 kwenda 2 ni mara kumi. Kwa hiyo lita 5 nagawa kwa kumi, napata nusu lita, mililita 500. Naweka kwenye chombo, kisha naongeza maji mpaka jumla ifike lita 5. Mtoto alitaka kuongeza maji lita 5 nzima, nikamwambia hapana, hiyo itapita.

#24 Binti_Pangani

Sawasawa kabisa, na hilo la mtoto ndilo kosa la watu wengi. Sasa iandike upya kwenye karatasi, kwa wino, hatua kwa hatua, weka herufi za jina lako na tarehe ya leo. Mtoto naye aweke zake kama shahidi. Kesho nitaleta ya pili.